Njoo Mbele

Mkaguzi alipita Alhamisi.
Alipima ubaridi wa friji,
akavitikisa vyuma vya kushikilia chooni, vyote imara,
akanusa mashuka, akaonja supu ya bitiruti kwa ncha ya kijiko,
akaandika: Nzuri.
Chumba namba tisa alisimama mlangoni.
"Bibi, unatunzwa vyema hapa?"
Mama alikuwa anatazama theluji.
Akauliza tena, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.
Mama akatazama theluji.
Akatia alama kwenye kisanduku: Hajibu.

Simlaumu. Kisanduku hicho nilikitia alama mimi, zamani.
Miaka sita, kila Jumapili,
tramu mpaka reli zinapoishia nje ya Łódź,
machungwa mawili mfukoni,
namsukuma ukumbini kwenye kiti cha magurudumu
nikimpigia kelele kisogoni:
Mama, Irenka amejifungua!
Mama, makaa yamepanda bei!
Mama, ni mimi, Wiesiek!
Kisogo kimya.
Nikajisemea, sikio la kufa halisikii dawa,
nikamenya chungwa langu nikala,
nikamenya na lake.

Wahudumu si wabaya, nisiwasingizie.
Walimgeuza kila baada ya saa mbili,
ngozi yake haina kidonda hata kimoja,
kucha fupi, nywele zimechanwa.
Walimtunza kama saa ya ukutani ya marehemu:
pangusa vumbi, tia ufunguo,
usiiulize saa ngapi.

Novemba akaja Solomiya kutoka Ternopil,
mkoba mmoja na Kipolandi cha kuazima.
Maneno yetu yalimponyoka,
basi akazoea kuyafuata kwenye midomo ya watu,
na huko, midomoni,
akakutana na macho ya mama.

Akazunguka mbele.
Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya barafu,
uso kwa uso, akasema bila sauti:
Una kiu?
Na mama, ambaye fomu tatu zinasema hajibu,
akajibu, bila sauti naye:
Chai. Isiwe ya jana.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani,
mitambo mia mbili ya kufuma ikigonga kwa pamoja,
nani angemsikia nani?
Wanawake walisemezana kwa midomo, safu hadi safu:
nani kaachwa, nyama inauzwa wapi,
msimamizi huyo, angalia uzi wako.
Masikio yalikwenda na kelele. Lugha ikabaki.
Na haya niliyajua!
Nimelelewa na mwanamke mwenye pamba nyweleni.
Nilimwona dirishani, na Genowefa ng'ambo ya ua,
wakiteta kimya mpaka machozi ya kicheko,
nikadhani ni mchezo tu wa wakubwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakuna aliyeniambia kwamba mwenyeji
ataona haya kwanza.

Nilimwomba meneja arekebishe fomu.
Akasema imeshafungwa, mpaka ukaguzi wa mwakani.
Solomiya hakungoja mwaka:
kabandika karatasi juu ya kitanda, kwa mwandiko wa mtoto,
herufi moja imekosewa:
NJOO MBELE.

Jumapili nikaja mbele.
Magoti yangu yana miaka sitini na minne, yalilalamika.
Nikasema, midomo tu: Mama.
Alinitazama kinywani kwa muda mrefu
kama asomaye barua yenye mwandiko mbovu.
Kisha: Mbona ndevu hivyo? Kinyozi amekufa?
Nikacheka. Nikaanza kusema samahani,
neno refu, midomo ikanitetemeka,
sijui kama lilisomeka.
Yeye alishaushusha macho mfuko wangu.
Machungwa yangu, akasema,
umeyala miaka sita.

Nikamenya.