Bei ya Ndoo

Mimi ndiye niliyekuwa na lori la maji.
Niseme hilo mapema, usije ukanihurumia.
Jumanne na Ijumaa nilikipanda kile kilima cha vumbi, nje ya Lima,
mji ambao mvua huusahau mwaka mzima,
nikapiga honi, mbwa wakabweka,
kina mama wakashuka na ndoo,
sarafu wamezifumbata kama vifaranga.

Saturnina Huamani aliishi juu kabisa.
Ngazi mia mbili na kumi na nne.
Mpira wangu haukumfikia,
akabeba mgongoni, na robo ya ndoo
ikanywewa na ngazi.

Mwezi wa sita ukungu ulipopanda kutoka baharini,
ukalowesha kuta, ukalowesha mashuka,
ukatukohoza sote hadi watoto wachanga,
yeye aliutazama
kama mtu amwonaye mdeni wake akipita.
"Maji hayo," alisema. "Yanapita mlangoni hata hodi hayapigi."

Akanunua wavu wa kijani, ule wa kukingia miche jua,
akasimika nguzo mbili, akautandaza.
Tulicheka. Nilicheka zaidi mimi, maana lori ni langu.
"Mama, unavua nini huko? Ukipata papa usitusahau!"
Don Eusebio, mweka hazina wa mtaa, akakata shauri kikaoni:
moshi haubebwi kwa kikapu,
na fedha ile ingetosha mabati mawili.
Mwanawe Wilber, miaka kumi na mitano,
akaanza kwenda shule kwa njia ya nyuma.

Wavu wa kwanza ulichanwa na upepo wa Julai.
Wa pili uliibwa. Tuliuona baadaye umefunika banda la kuku,
tukajua banda la nani,
tukanyamaza.
Wa tatu ulisimama, na asubuhi beseni likawa na maji
ya kujaza glasi moja, rangi ya chai, nzi akielea.
Akashuka nayo ngazi zote kutuonyesha.
"Glasi," akasema Don Eusebio.
"Jana haikuwapo," akajibu,
akaanza kupanda.

Kuna Ijumaa moja alikuja akasema ameacha.
Macho yalikuwa mekundu; sikuuliza.
Nilifurahi, sitaficha. Nikamwongezea nusu ndoo bure.
Jumanne nikamkuta anang'oa nguzo,
anazihamisha hatua thelathini kaskazini,
pale ambapo mbwa huamka manyoya yamelowa.
Miaka yote mbwa walijua.
Ni yeye peke yake aliyewauliza.

Usinidai hesabu. Sikuwapo usiku
alipokuwa akikaza waya kwa koleo la kuazima.
Nilichokiona ni kwamba ndoo zake kwangu zilipungua:
nne, tatu, moja.
Kisha akawa hashuki tena.
Kisha Wilber akaanza kupita njia ya mbele.

Oktoba ya mwaka wa tatu lori lilichemka katikati ya mlima,
tangi tupu, nimeuza hadi tone la mwisho,
rejeta ikifoka kama mkwe aliyenyimwa mahari.
Nikapanda ngazi mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu. Sikuwahi kuzihesabu.

Huko juu kulikuwa na mapipa mawili ya buluu
na matuta matatu ya viazi,
majani yake mabichi kiasi cha kuniumiza macho.
"Ndoo bei gani?" nikauliza.
"Wewe unauzaje?"
Nikaitaja. Kwa mara ya kwanza
niliisikia bei yangu kwa sikio la mnunuzi.

Alizihesabu sarafu zote, mara mbili, akatia mfukoni.
Ndipo akafunua sufuria
akanipa kiazi, kidogo kama yai la njiwa, cha moto.
Hicho hakukitoza.

Nilikila nimesimama, nikiungua ulimi.
Maisha yangu yote lori lilinifundisha chururu.
Nyuma yangu, gizani, wavu ulikuwa ukisema
ndo,
ndo,
ndo.