Mara Moja Tu

Kitenzi hiki kimetokea mara moja,
jiwe moja, mstari wa nne,
katika Kiluwi, lugha ambayo hakuna tena
mtoto anayeikosea.

Kimetanguliwa na mguu. Wamechonga mguu mzima,
kwa hiyo ni mwendo, au ni jambo la miguu.
Halafu kijistari cha kulala. Halafu alama mbili zilizolika.
Halafu *-tu*, ambayo kwao ni amri kwa asiyekuwapo:
na afanye.
Afanye nini? Kamusi imeweka alama ya kuuliza
ikavuka upande wa pili wa barabara
kama mtu ninayemdai.

Ukungu wa Newala umeingia hadi ukumbini.
Barazani Bi Somoe Likapa anabangua korosho,
majivu vidoleni, mafuta ya maganda yamemchora viganja.
Namwuliza: nazi je, inabanguliwa?
"Nazi inavunjwa."
Mahindi?
"Yanapukuchuliwa, mwalimu. Umeamkaje leo?"
Na mtu?
"Mtu? Subiri malipo ya mnada."

Nikawaza: siku Newala itakapokuwa udongo mwekundu mtupu,
wakafukua kibao kimoja, *Somoe akabangua*,
na neno la mbele yake limeondoka na kona,
msomi wa huko aliko ataandika:
pengine alipasua. Pengine alikana. Pengine alizaa.
Hataujua moshi, wala
jinsi punje inavyotakiwa itoke nzima,
maana iliyovunjika ina bei nyingine.

Nami nimeandika mapendekezo saba:
na apite, na atoroke, na arudi kinyumenyume…
Mstari wa tano ni laana kwa atakayefuta
jina la mwenye jiwe,
kwa hiyo nilitaka kitenzi chenye meno.

Bi Somoe ameingia kufuata chumvi.
Ameinama juu ya picha, mikono nyuma,
asiichafue.
"Mguu huu una magaga."
Wapi?
Akainua kisigino chake, akanionyesha mfano.

Kijistari cha kulala.
Miezi mitano nimekisoma kama silabi,
nimekijengea mnyambuliko,
nimekiandikia barua mbili kwa padri wa Ndanda.
Kinaanzia kisiginoni, kinateremka hadi kwenye laana
bila kusema kitu.
Ufa.
Ufa tu.

Nimefuta mapendekezo sita.
Lililobaki silipendi.