Nakala Halisi

Kibanda changu kina mashine mbili na feni moja,
na ukuta wake wa nyuma umeegemea Shule ya Sheria,
hapa Sinza, upande wa kituo cha mabasi.
Kopi shilingi mia. Kubaindi elfu mbili.
Usiniulize nimesomea wapi.
Nimesoma kwa vidole, ukurasa kwa ukurasa,
taa ya kijani ikipita chini ya kioo
kama mtu anayetafuta hereni uvunguni.

Wakianza huja na suti nyeusi
zenye mikunjo ya dukani bado,
jua la Dar likizichoma migongoni bila huruma.
Huongea kwa sauti ili nisikie: mlalamikaji, mlalamikiwa,
shauri limeahirishwa, mheshimiwa.
Miezi ikisogea sauti zinapungua.
Wanakuja kuchapa maswali ya miaka ya nyuma,
halafu ya miaka ya nyuma zaidi,
mwishowe barua za rufaa.
Wanaojifunza kuwakatia watu rufaa
huanza na za kwao.

Siku ya matokeo hapauziki hata kalamu.
Mtihani huufanya kwa Kiingereza;
wakianguka, kila mmoja hulia kwa lugha ya mama yake.
Mwombeki alilia Kihaya, ameinamia mashine yangu,
nami nikaizima, maana machozi na umeme havipatani.
Sapu ya kwanza. Sapu ya pili.
Wenzake walishaapishwa, wakapiga picha na majoho,
yeye ananunua kopi kwa mkopo,
ananiambia, "Dada Shukuma, andika tu."
Nikaandika.

Kwao walishauza ng'ombe wawili na kipande cha kahawa.
Baba yake akipiga simu huuliza swali moja,
"Wakili, umeshakula?"
Naye hujibu ameshakula,
huku akinitazama mimi
kama shahidi anayemwogopa.

Sijui sheria. Najua karatasi.
Lakini mwenye nyumba alipokuja na kufuli mpya
kunifungia kibanda kabla mwezi haujaisha,
mdomo ulijisemea wenyewe:
"Notisi yako iko wapi? Kwa maandishi?"
Akanikodolea macho kama vile mashine ya kopi imezungumza.
Akaondoka na kufuli lake.
Usiku ule nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sapu ya tatu Mwombeki alipita.
Sikumwona mwaka na nusu.
Kisha Jumanne moja ya mvua, maji yamefika kwenye ngazi,
akaingia amekunja suruali, viatu mkononi,
na kifuani, mfukoni, kitu kizito cha mviringo.
Mhuri.
Sasa ana meza Manzese, kwenye ghorofa lisilo na lifti.
Watu wanamletea vyeti, anagonga, anasaini,
anaandika: nakala halisi ya asili.
Elfu tano kwa kila karatasi.
Karatasi ileile ninayoitoa mimi kwa mia.

Hakusema kitu kuhusu deni, nami sikulitaja.
Tuliongea mvua, tukaongea baba yake,
kwamba sasa anamwita "Wakili"
na hamwulizi tena kama amekula.
Kisha akasema, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba,
"Dada, ukiwa na chochote cha kuthibitisha, lete,
kwako nagonga bure."

Nikafungua droo. Nikatoa daftari.
Ukurasa wa kumi na saba, mwandiko wangu wenyewe,
tarehe baada ya tarehe, kopi, kubaindi, kopi,
jumla arobaini na sita elfu na mia tatu.
Nikaulaza juu ya kioo, nikafunika.
Taa ya kijani ikapita taratibu.
Nikaweka zote mbili mbele yake.

Alisoma jina lake kwa muda mrefu,
kama wanavyofundishwa, mpaka nukta ya mwisho.
Akalinganisha. Hakukuta kosa.
Akapumulia mhuri, akagonga, akasaini.

Nikachukua kalamu,
nikamwongezea mia
ya ile kopi.