Si Kosa, Liongeze

Eteri alileta kompyuta ya marehemu baba yake
ndani ya mfuko wa unga, mvua ya Kutaisi
ikimdondoka pindoni mwa koti.
"Nakili kila kitu," akasema.

Nikanakili faili.
Barua mia nne na sita, hesabu za mizinga ya nyuki,
picha za harusi ya watu nisiowajua,
folda moja iitwayo BADO.
Diski ilikwaruza kama panya darini,
Ijumaa ilikuwa inaisha,
nami nikajisemea: chenye jina kimeokoka.
Usiku ule diski ikafa.

Jumatatu nikamwashia mashine mpya.
Akafungua barua ya kwanza. Imo, nukta kwa nukta.
Akalia. Sikuelewa,
mpaka aliponionyesha kwa kidole
mistari myekundu chini ya kila neno la kwao mlimani:
jina la upepo wa Machi,
jina la nta iliyoungua,
jina ambalo baba alimwitia utotoni.

Miaka kumi na moja mzee Nugzar
aliifundisha mashine yake maneno hayo,
moja moja, kwa kidole chenye ganzi:
si kosa, liongeze. Si kosa.
Kamusi hiyo haikuwa barua wala picha.
Ilikaa ndani huko, kwenye matumbo ya programu,
chumba ambacho mwenye haraka hakigongi
kwa kuwa hakina jina mlangoni.

Ningalichukua taswira ya diski nzima
ningalimhamisha mzee na nyumba yake:
ufagio nyuma ya mlango,
saa inayochelewa dakika saba,
ukumbusho wa dawa ya moyo saa mbili usiku,
na takataka, ndiyo, hata virusi.
Ingekula usiku kucha
na diski tupu yenye ukubwa wa ile.
Nilikuwa nayo moja, kwenye droo.
Nilikuwa nayo.

Hilo sikumwambia Eteri.
Nilimwonyesha tu pa kubofya.
Akavuta kiti, akajifuta uso kwa kiganja,
akaanza na upepo wa Machi:
si kosa, liongeze.
Nta: si kosa.
Wekundu ukawa unatoka ukurasani
kama madoa kwenye maji ya kwanza.

Alipolifikia jina lake
mkono ulisimama juu ya kipanya.
Nje basi la Tskaltubo lilipakia, likaondoka.
"Hili liache," akasema,
"lilikuwa lake peke yake,"
akafunga barua
na mstari wake mwekundu chini.