Manyoya Yako Wapi

Ilianza Agosti, mgongoni kwa Karani:
kiraka kama sarafu.
Septemba kikawa kiganja.
Oktoba miti ya Erie nayo ikavua nguo,
na Bi Halina, jirani, akaegemea uzio akasema
kuku ndivyo walivyo, huvua kabla ya baridi,
watavaa tena.
Nikamwamini. Ana miaka sabini na tisa
na amezaliwa mtaa huu huu.

Desemba theluji ya ziwani ikashuka siku tatu bila kupumua.
Kuku wanne, wawili uchi.
Karani amegeuka kishingo
bila kurithi kwa mama wala kwa baba.

Kwanza niliwatuhumu utitiri.
Saa nane za usiku, buti za kiwandani miguuni,
nikakwangua nyufa za banda kwa kisu cha siagi,
nikapitisha karatasi chini ya ufito wanaolalia:
wangekuwepo, damu ingechora mstari.
Karatasi ikatoka nyeupe.
Nikawapaka majivu hata hivyo. Nikawapulizia siki.
Wakanuka kachumbari, wakabaki uchi.

Nikamtuhumu panya.
Nikaituhumu taa ya barabarani inayowakesha.
Na niseme kweli, nikamtuhumu mtu,
mama mmoja wa kwaya
aliyeyasifu mayai yangu mara mbili
asitaje jina la Mungu hata mara moja.
Bisimwa, mume wangu, alicheka hadi akakohoa.
Mpeleke kwa daktari, akasema.
Bei ya daktari hununua kuku wanane.

Halafu, Januari, Jumanne,
nimetoka zamu, nimebeba maji ya moto ya kuyeyusha barafu yao,
nikasimama.
Uani theluji mpya. Nyayo zao. Mavi yao.
Unyoya, hakuna.
Miezi mitano wananyonyoka
na sijawahi kufagia hata konzi moja!
Anayenyonyoka huacha ushahidi.
Basi manyoya yako wapi?

Nikageuza ndoo, nikaikalia.
Baridi ilinitafuna masikio. Sikuondoka.
Kulipopambazuka nikamwona Senti,
mdogo wao, mpole wao, anayelala kwapani mwa wenzake,
akimsogelea Karani kwa nyuma,
taratibu, kama msusi anayetafuta njia ya kwanza.
Akachomoa mmoja. Akaumeza.
Karani hakukimbia. Aliinamisha kichwa
kama mtoto aliyezoea kusukwa.
Wa pili. Akaumeza.
Huyo si mgomvi, nikajiambia. Huyo ana njaa.

Njaa gani, nami nawajaza?
Hapo ndipo moyo uliponishuka magotini.
Gunia la chakula chao lilipopanda bei
nililichanganya na chenga za mahindi, nusu kwa nusu,
kisha robo kwa robo tatu,
juu yake wali uliolala, ukoko, mkate,
na nikajiona mkarimu.
Walikuja mbio kila nikigonga sufuria.
Firigisi zimejaa; mwili unadai kitu kingine,
na kitu hicho kilikuwa kimeota mgongoni mwa dada yake.

Nami ni nani wa kushangaa?
Kila asubuhi chai ya sukari na vipande vinne vya mkate mweupe,
nikavuta blanketi, nikaita shibe.

Nilinunua gunia kamili, bila kuangalia risiti.
Nikanunua dagaa wakavu kwa Tamang,
aliyeniuliza nawapikaje, nikamwambia siwapiki.
Senti nilimtenga wiki mbili, nyuma ya wavu,
maana tabia haifi siku ile njaa inapokufa.
Alilia. Karani akaenda kulala ubavuni pa wavu.

Machi, vishina: vyeusi, vigumu,
kama njiti za kiberiti zilizochomekwa ngozini.
Shingoni bado.
Pengine shingoni hayataota.

Bi Halina akaegemea uzio.
Si nilikuambia, watavaa tena?
Sikubisha. Nikampa mayai mawili, yangali na joto.
La tatu nililichemsha,
nikalila nimesimama jikoni,
na buti zangu, kabla ya kulala.