Kisanduku

Kimefungwa juu ya mlango wa duka la kahawa,
cheupe, hakizidi boflo.
Wanasema kinalia. Mimi sisikii.
Nina miaka hamsini na mbili, na sauti ile
imekatwa kwa kipimo cha masikio ya watoto.

Hapa Cardiff, gatini, palipopakiwa makaa ya mawe,
sasa pana vidaraja vya vioo
na maji yasiyokwenda kokote.
Kazi yangu ni koti la manjano, redio, daftari.
Saa moja na dakika kumi, vijana wanne, ngazini.
Kwenye safu ya kosa niliandika: wamekaa.
Bwana Prosser akasema, andika "mkusanyiko".
Nikafuta. Nikaandika mkusanyiko.

Nawajua. Rhodri wa baiskeli isiyo na breki.
Abshir, anayecheka kabla ya kumaliza kisa.
Lowri na kaka yake, mfuko mmoja wa chipsi,
maana sebule ya kwao imelaza watu.
Nikiwaambia sogeeni, huuliza: "Mpaka wapi?"
Mimi hunyoosha mkono tu, upande wa mvua.

Kwenye uzio wa mbao bado ipo picha ya mradi,
iliyochorwa kabla hapajasimama tofali:
ngazi hizi hizi, vijana wanne, wanacheka,
mmoja ana baiskeli.
Hao hawasogezwi. Jua lao halichwi.

Jumamosi polisi walileta karatasi:
tawanyikeni, msionekane hapa saa arubaini na nane.
Abshir aliisoma mbele na nyuma,
akaikunja ikawa ndege.
Ilipaa vizuri, ikavuka maji.
Hilo sikuliandika.

Jana Zuwena, kitinda mimba wangu, aliniletea chakula,
chapati na maharage ndani ya kopo la aiskrimu.
Alipofika chini ya mlango alisita,
akaweka kopo sakafuni,
akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.
"Baba, kwani huisikii?"

Ana miaka kumi na minne.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu:
nimemwimbia hilo tangu anatambaa.
La mkuu asiyesikia
sikufundishwa linaishaje.

Redio iliuliza hali. Nikajibu, shwari.
Tukaenda kula ngazini, mbali na mlango,
mimi na yeye, tumekaa,
maharage yakidondoka kwenye jiwe jipya.
Watu walipita na mbwa wao, wakatusalimu.
Hakuna aliyetuita mkusanyiko.
Nilikuwa nimemfunika koti langu, kwa baridi.