Wanja

Saa nane mchana, na Tromsø giza limeshatanda.
Kumekucha ndani ya skrini yangu tu:
mwezi wa nne, uwanda wa juu, theluji hadi macho yachoke,
na bibi yangu Biret-Elle ameegemea ua wa zizi la kulungu,
anazungumza.

Nilimwekea maneno chini ya kidevu, meupe,
kama tulivyofundishwa: meupe, ya adabu, yasiyojitanguliza.
Theluji ikayameza na nukta zake.
Likabaki neno moja, "na",
juu ya kiatu chake cha ngozi,
likisubiri wenzake.

Torgeir akachungulia mlangoni: "Tia manjano.
Manjano hayajawahi kumwangusha mtu."
Nikatia manjano.
Kila sentensi ikawa mahali mbwa alipoinua mguu.
Tulicheka hadi kahawa ikamwagikia kibodi,
kisha nikakumbuka kwamba pale bibi anasimulia kifo cha dada yake,
nikapangusa kibodi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nyekundu, hapana. Dakika ya tisa kuna kisu,
kuna shingo, kuna beseni la enameli.
Sitaki herufi zigombanie damu.
Isitoshe, Torgeir nyekundu haioni, wala kijani;
kwake yeye Krismasi nzima ni rangi ya tope
na hajawahi kulalamika.

Kijivu ni mtoto wa jivu.
Vita vilipokuwa vikiondoka kwao vilichoma hata choo.
Sikukijaribu.

Samawati ilikaa vizuri, dakika nne nzima,
mpaka jioni ikaingia kwenye filamu,
ile jioni yetu inayokawia kama mgeni aliyeshika kitasa na bado haondoki.
Theluji ikawa samawati, kofia ikawa samawati,
maneno yakazama polepole,
na bibi akaendelea kusema bila chochote chini yake,
kama alivyosema maisha yangu yote.

Kwa maana lugha yake sina.
Mama aliifungia kabatini tulipohamia mjini,
pamoja na mikanda ya kusuka na ile harufu ya moshi,
isije ikatuchelewesha shuleni.
Nilikulia kwenye magoti ya bibi nikijua "njoo", "kula", "funga mlango",
na jina langu, Sunniva, alilolikosea kwa makusudi.
Mengine yote yalikuwa hali ya hewa.
Sasa mfasiri wa Kautokeino amenitumia mistari mia mbili na kumi na moja,
na mimi, mjukuu, nahangaika iwe ya rangi gani.

Usiku wa manane, au labda ni asubuhi, huku huwezi kujua,
nikarudi kwenye meupe yale yale ya mwanzo.
Nikayapaka wanja.
Nukta mbili tu za ukingo, weusi wa chai iliyosahauliwa,
na kivuli chembamba upande wa kulia, kwa sababu jua lake liko kushoto.
Herufi zikafumbua macho.
"Niliambiwa nihesabu kulungu," anasema bibi, nami nasoma,
"nikahesabu mpaka mia kwa Kinorwe, ili mwalimu afurahi,
kisha nikaanza upya, ili wao wanielewe."

Nilisimamisha picha hapo. Nikairudisha.
Nikaisoma tena, mara ya tatu nikiwa nimefumba macho,
nikisikiliza tu ni wapi kwenye sauti yake mia inaishia.

Mstari wa mwisho nimeufuta.
Anageukia kamera, yaani mimi, anasema maneno mawili.
"Hapo watu hawataelewa," anasema Torgeir.
Ameshika upawa, namwambia.